Maikrofoni Ilikaa Wapi? Sauti, Filamu na Mamlaka kutoka Vugiri hadi Nyamisangura

Historia ya filamu katika Afrika Mashariki imeandikwa kwa macho zaidi kuliko kwa masikio. Tunafahamu nani alishika kamera, nani alilipa gharama, nani alionyeshwa akilima na nani alionyeshwa akicheza ngoma. Ni nadra kuuliza swali jingine ambalo kwa maoni yangu lina uzito uleule: maikrofoni ilikaa wapi, na karibu na mdomo wa nani?

Ndugu msomaji, usilichukulie swali hili kuwa la mafundi peke yao. Wilaya za Tarime na Serengeti ni miongoni mwa maeneo ya nchi yetu yanayorekodiwa mno. Waandishi wa habari, watafiti, wanaharakati na maofisa wa serikali hufika Nyamisangura, Sirari, Nyamongo na Mugumu wakiwa na kamera. Wanakuja kwa sababu ya ukeketaji, ardhi na mgodi wa dhahabu, biashara ya mpakani, wanyamapori. Matokeo yake tumeyazoea. Picha ni safi, rangi zinapendeza, lakini mama aliyekaa kwenye kigoda anasikika akisema Kikurya kwa sekunde tatu tu, kisha sauti ya msimulizi inapanda juu yake na yake inazama. Mtazamaji wa Dodoma au London anaondoka akiwa amemwona mama yule. Hajamsikia.

Nakusudia kuonyesha kwamba mazoea haya hayakuanza jana, wala hayatokani na uhaba wa vifaa peke yake. Yana historia ya takriban miaka 90, na mtu asiyeijua historia hiyo huirudia akidhani anafuata taratibu za kawaida za kazi.

Umbali ni uamuzi

Tuanze na fizikia kidogo, kwa kuwa bila hiyo siasa yake haieleweki. Sauti inapotoka mdomoni husambaa hewani kila upande. Mahali pasipo na kuta, kila umbali unapoongezeka maradufu, nguvu ya sauti inayofika kwenye maikrofoni hushuka kwa desibeli 6 hivi. Kelele za mazingira hazishuki kwa namna hiyo, kwa sababu zinatoka kila mahali. Maikrofoni iliyo juu ya kamera, mita 3 kutoka kwa msemaji, hupokea sauti yake ikiwa chini kwa zaidi ya desibeli 15 ikilinganishwa na maikrofoni iliyo nusu mita kutoka mdomoni. Fundi akiongeza sauti baadaye, anaongeza pia pikipiki, jogoo, upepo na mwangwi wa ukuta.

Kamera inaweza kuvuta picha kutoka mbali. Lenzi ndefu huleta uso wa mtu aliye ng'ambo ya uwanja ukajaza skrini nzima. Maikrofoni haina uwezo huo. Hata ile ndefu ya mwelekeo mmoja haivuti sauti ya mbali. Kazi yake ni kupunguza zile za ubavuni. Ili kumsikia mtu, lazima umkaribie: ushike bumu juu ya kichwa chake kwa kiasi cha sentimita 30 hadi 60, nje kidogo ya fremu, au umbandike maikrofoni ndogo kifuani. Kumkaribia kunahitaji muda, ruhusa na kuaminiana. Unaweza kumpiga mtu picha bila yeye kujua, lakini ni vigumu sana kuinasa sauti yake vizuri bila kukaa naye. Kwa mantiki hiyo, sauti mbovu mara nyingi ni ushahidi wa uhusiano mbovu.

Sauti iliyosafiri kuifuata maikrofoni

Maikrofoni za umeme zilianza kutumika katika kurekodi santuri mwaka 1925. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1928, Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi nyimbo zake. Santuri zake zilisikika pwani yote ya Waswahili na kuipa taarabu ya Kiswahili heshima mpya. Tuangalie mwelekeo wa safari lakini: maikrofoni haikumfuata mwimbaji, mwimbaji ndiye aliyeifuata.

Filamu ikapita njia hiyohiyo. Mwaka 1929 kampuni ya MGM ya Marekani ilimtuma mwongozaji W. S. Van Dyke Afrika Mashariki kupiga filamu ya Trader Horn. Wakati huo Hollywood ilikuwa inahama kutoka filamu bubu kwenda filamu zenye sauti, na vifaa vya kunasa sauti vikaletwa huku. Vilikuwa mizigo mizito iliyobuniwa kwa ajili ya kumbi zilizofungwa, si kwa maporomoko ya Murchison wala kambi za porini. Sauti iliyopatikana haikufaa, na sehemu kubwa ya mazungumzo ikarudiwa katika studio za Culver City, California. Mutia Omoolu, mwigizaji wa Afrika Mashariki aliyekuwa na nafasi kubwa katika filamu hiyo, alisafirishwa hadi Marekani ili matukio yarekodiwe upya. Filamu ilitoka mwaka 1931. Mtazamaji aliona mito na wanyama wa Afrika Mashariki, lakini sehemu kubwa ya mazungumzo aliyoyasikia yalinaswa ndani ya jengo la California.

Hata katika studio zenyewe kazi ilikuwa ngumu. Katika miaka ile ya mwanzo maikrofoni zilifichwa ndani ya vyombo vya maua, na mwigizaji alilazimika kusimama palepale. Mwongozaji Dorothy Arzner anatajwa kuwa miongoni mwa wa kwanza kuining'iniza maikrofoni kwenye ufito wa kuvulia samaki, katika filamu ya The Wild Party ya mwaka 1929, ili imfuate mwigizaji anakokwenda. Bumu tunalolitumia leo ni mjukuu wa ufito huo, na wazo lake ni la kiungwana: chombo ndicho kimfuate mtu. Wazo hilo lilichelewa sana kufika kwetu.

Santuri za Vugiri

Tukio la pili lilitokea katika ardhi yetu wenyewe. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, kulikuwa na mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Ulifadhiliwa na shirika la Carnegie la Marekani na kusimamiwa na Meja L. A. Notcutt pamoja na G. C. Latham. Ndani ya muda huo mfupi walitengeneza filamu fupi 35 za milimita 16, kuhusu kilimo, safura, kodi, benki ya posta na mengineyo ambayo serikali ya kikoloni iliona Mwafrika anapaswa kufundishwa. Lori lilizunguka nazo Tanganyika na makoloni ya jirani.

Sauti ya filamu hizi haikuwa kwenye ukanda wa picha. Ilikuwa kwenye santuri, iliyochezwa sambamba na projekta. Sababu ilikuwa ya kiuchumi na yenye akili ndani yake: picha moja ingeweza kuandamana na santuri za lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwemo, bila kuchapisha filamu upya kwa kila lugha. Kwa kipimo cha wakati ule ilikuwa hatua kubwa kwamba mwanakijiji aliambiwa jambo kwa lugha anayoielewa.

Lakini mbinu hiyo ilikuwa na gharama yake. Sindano ikiruka, au ukanda ukikatika na kuungwa, picha na sauti huachana, na mtu huonekana akichimba huku akisikika akihesabu fedha. Zaidi ya hapo, sauti iliyowekwa kando ya picha huelekea kuwa maelezo kuliko mazungumzo. Mkulima aliyeonekana kwenye picha alikuwa na mdomo unaotembea. Yanayomhusu yalisemwa na mtu mwingine, mbele ya maikrofoni, kutoka kwenye karatasi iliyokwisha kukubaliwa. Hapa ndipo ulipozaliwa mgawanyo wa kazi ambao bado tunaishi nao: mwanakijiji hutoa sura, mtaalamu hutoa maneno.

Mwaka 1939 Uingereza ilianzisha Kitengo cha Filamu cha Makoloni chini ya William Sellers. Filamu zake nyingi za vijijini zilikuwa bubu, na kando ya skrini alisimama msemaji mwenye kipaza sauti akiyaeleza yanayoonekana kwa lugha ya mahali pale. Watawala walimhitaji mtu huyo na wakati huohuo walimhofia, kwa sababu hawakuwa na njia ya kujua kila neno alilolisema. Picha ilitoka London, lakini maana yake ilitoka kinywani mwa kijana Mwafrika mbele ya umati gizani. Angeweza kuongeza chumvi, kejeli hata mzaha juu ya bwana shauri, na watu wakacheka mahali ambapo hati haikutarajia kicheko.

Si ajabu, basi, kwamba sinema ya wakati huo ilipita katika mikono ya watu waliokuja kuongoza nchi. Rashidi Mfaume Kawawa, akiwa mtumishi katika idara ya ustawi wa jamii, aliigiza katika filamu za Kiswahili zilizotengenezwa Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1950, Muhogo Mchungu ikiwa mojawapo. Miaka kumi hivi baadaye, mwaka 1962, alikuwa Waziri Mkuu. Wala desturi ya msemaji kando ya picha haikufa na ukoloni. Ilifufuka katika vibanda vya video vya mijini na vijijini, ambako watafsiri kama Lufufu walizisimulia filamu za Marekani, India na Hong Kong kwa Kiswahili cha mtaani na kujipatia umaarufu kuliko waigizaji wenyewe. Ni sanaa halali, tena ya kifundi. Ila tusisahau tofauti iliyopo: Lufufu aliwasemea nyota wa Hollywood, ambao hawakupungukiwa chochote. Anayemsemea mama wa Nyamongo anayelalamikia shamba lake anachukua kitu ambacho mama yule hana cha akiba.

Serengeti isiyokuwa na watu wanaosema

Mkoa wa Mara una filamu yake mashuhuri. Mwaka 1959 Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walitoa filamu kuhusu Serengeti, iliyopigwa kwa sehemu kubwa kutoka kwenye ndege yao yenye milia ya pundamilia. Michael alifariki katika ajali ya ndege hiyo Januari 1959, kabla kazi haijakamilika. Filamu ilishinda tuzo ya Oscar mwaka 1960 na kuifanya Serengeti jina la dunia nzima.

Tuifikirie kwa masikio. Ndani ya ndege ndogo kinachosikika ni injini. Kamera iliyo angani haiwezi kumsikia nyumbu, na hata kamera iliyo ardhini, ikimpiga simba kutoka mita mia kadhaa, husikia tu pumzi ya mpigapicha na gari lake. Ndiyo maana katika filamu za wanyamapori kwa jumla sehemu kubwa ya sauti huundwa baadaye: kwato kwenye vumbi, meno kwenye mfupa, mabawa yanayopigwa. Mafundi huzitengeneza chumbani kwa uangalifu mkubwa, mpaka mtazamaji aamini kwamba amemsikia chui akinywa maji.

Sina ugomvi na ufundi huo. Ugomvi wangu ni na ulinganifu unaokosekana. Aina hii ya filamu imemtafutia nyumbu sauti yake kwa gharama kubwa, hali jirani wa hifadhi, yaani Mwikoma, Mnata, Mngoreme au Mkurya wa wilaya ya Serengeti, ama haonekani, ama huonekana kama jangili asiye na neno la kujitetea. Msimulizi ndiye hutuambia mipaka ya hifadhi ni ya nani. Watu waliokuwa wakiwinda, wakichunga na kutambika katika ardhi ile kabla ya Serengeti kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951 hawakuulizwa mbele ya maikrofoni. Mjadala wa uhifadhi tunaoendelea nao leo, wenye mivutano yake yote, umerithi ukimya huo.

Waliosogeza maikrofoni karibu

Lingekuwa kosa kudai kwamba hapakuwa na njia nyingine. Ilikuwepo, na mifano yake ipo jirani nasi.

Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika Mashariki mwaka 1950 na 1952 akirekodi muziki, hakuiacha maikrofoni kwenye kigingi. Aliishika mkononi, akaisogeza kwa mwimbaji kiongozi, kisha kwenye ngoma, kisha kwa waitikiaji, kama mtu anayefuata mazungumzo kwa sikio. Alikuwa na mawazo ya zama zake, na kanda zake zilihifadhiwa Afrika Kusini, mbali na walioimba. Hata hivyo, sauti za wasichana wa Kipsigis aliowarekodi Kapkatet mwaka 1950 ni safi kiasi kwamba katika muongo uliopita zilirudishwa kijijini na wazee wakazitambua. Kilichorekodiwa vizuri kinaweza kurudi nyumbani. Kilichorekodiwa vibaya hakina pa kurudi.

Mabadiliko ya pili yaliletwa na kinasa sauti kilichoitwa Nagra, kazi ya Stefan Kudelski, mzaliwa wa Poland aliyeishi Uswisi. Kufikia miaka ya 1960 mtu mmoja aliweza kukibeba begani na kunasa sauti inayokwenda sambamba na picha, popote pale. Mwaka 1968 David na Judith MacDougall walikwenda nacho kwa Wajie wa Karamoja, Uganda. David alishika kamera, Judith akashughulikia sauti. Filamu yao, To Live with Herds, iliyotoka mwaka 1972, haikuwafunika wafugaji kwa tafsiri ya kusemwa. Iliwaacha waseme Kijie, na maana ikaandikwa chini ya picha. Baadaye walifanya hivyo kwa Waturkana wa Kenya.

Jambo hili linaonekana dogo, lakini tulipime vizuri. Mfugaji anayelalamika juu ya serikali akisikika kwa sauti yake mwenyewe, pamoja na kusita kwake, hasira yake na mzaha wake, anakuwa mtu mwenye hoja. Akifunikwa na msimulizi anabaki kuwa mfano wa tatizo. Tofauti kati ya hali hizo mbili ilitegemea kinasa sauti cha kubeba begani, mwanamke mwenye subira aliyekaa karibu, na uamuzi wa kumwamini mtazamaji kwamba anaweza kusoma huku akisikiliza.

Uhuru na masikio yake

Je, sisi wenyewe tulifanyaje? Katika redio tulifanya vizuri kuliko tunavyokumbuka. Kituo kilichoanza mwaka 1951 kama Sauti ya Dar es Salaam, na kuwa Radio Tanzania mwaka 1965, kiliacha hazina ya kanda za bendi, ngoma, tenzi na hotuba. Mafundi wake walijua kwamba mwimbaji asogee, tarumbeta zirudi nyuma, na mpiga tumba akae pale ambapo hatammeza mwenzake. Uwiano wa bendi nzima ulipatikana kwa kuwapanga watu chumbani, siyo kwa kurekebisha baadaye.

Filamu haikupata bahati hiyo kwa wingi. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, na Taasisi ya Picha na Sauti mwaka 1974 kwa msaada wa Denmark. Kazi za heshima zilitoka, kama Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985, lakini filamu ni ghali na fedha za kigeni zilikuwa adimu. Televisheni ilichelewa, Tanzania Bara iliipata mwaka 1994 tu. Hivyo wimbi la filamu za video lilipofika, na Girlfriend ya mwaka 2003 ikalipa nguvu, vijana walioingia kazini walikuwa na kamera, ari na soko, ila hawakuwa wamerithi shule ya sauti. Wengi walitegemea maikrofoni ya kamera. Ndiyo sababu watazamaji wa filamu za miaka ile wanakumbuka waigizaji waliolazimika kupaza sauti hata katika mahaba, na muziki uliowekwa kufunika kelele za barabarani. Wakosoaji waliwacheka waigizaji kwa kupayuka, bila kuona kwamba walikuwa wakiifikia maikrofoni iliyowaacha mbali.

Hali imebadilika. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotoka mwaka 2021 kutoka katika riwaya ya Shafi Adam Shafi na kuonyeshwa Toronto, ni ushahidi kwamba Kiswahili cha Unguja kinaweza kusikika kwenye skrini kwa minong'ono yake na vituo vyake. Filamu za maelezo na video za miradi, ambazo ndizo zinazorekodiwa zaidi vijijini kwetu, bado zimebaki nyuma.

Nyamisangura kwa masikio

Sasa tuje kata ya Nyamisangura, katika mji wa Tarime. Mji huu umekaa kwenye barabara itokayo Musoma kwenda Sirari, mpakani mwa Kenya. Malori hupita, bodaboda hupita zaidi. Nyumba nyingi zimeezekwa bati na kuta zake za saruji ni tupu. Chumba cha namna hiyo hurudisha mwangwi mkali, na mvua ikianza hakuna mazungumzo yanayorekodika. Fundi mwenye busara hutandika mablanketi ukutani na sakafuni, humweka msemaji mbali na ukuta, hukatiza jokofu na televisheni, kisha hunasa nusu dakika ya ukimya wa chumba kile ili mhariri awe na cha kuunganishia. Ataomba kurekodi asubuhi, kabla ya mawingu ya mchana. Hayo yote hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji mtu aliyepewa jukumu hilo.

Kuna sababu ya ziada ya kuwa makini hapa, nayo ni lugha. Kikurya kina irabu saba na ni lugha ya toni. Wanaisimu duniani wanakifahamu kwa jambo moja la pekee: mahali ambapo toni ya juu inaangukia ndani ya kitenzi hutofautisha nyakati na hali za tendo. Maana haimo katika silabi peke yake, imo pia katika kupanda na kushuka kwa sauti. Sasa fikiria ushahidi wa mama kuhusu siku shamba lake lilipochukuliwa, ukinaswa kutoka mita tatu chini ya bati, irabu zikiwa zimevurugwa na mwangwi, halafu ukitumwa Dar es Salaam kwa mtafsiri ambaye hakuwepo. Je, alisema walikuja, wamekuja au huwa wanakuja? Katika ripoti ya haki za binadamu, au katika shauri la fidia, tofauti hiyo si ya kisarufi tu.

Hata muziki unatudai uangalifu. Iritungu, zeze kubwa la Wakurya lenye nyuzi nane, lina sauti nzito inayonguruma. Maikrofoni nyingi zina kitufe cha kukata sauti za chini ili kupunguza upepo. Kikibonyezwa, upepo hupungua kweli, lakini na uzito wa nyuzi nene huondoka nao. Kinachobaki ni zeze jembamba ambalo mzee wa Tarime hatalitambua. Dawa ni kukinga upepo kwa kifuniko cha manyoya na kusogea karibu na ngozi ya chombo. Anayebonyeza kitufe bila kujua anahariri utamaduni wa watu kwa kidole kimoja.

Sauti ni sura

Lililo zito kuliko yote ni usalama wa wanaorekodiwa. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliharamisha ukeketaji wa wasichana walio chini ya miaka 18, lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 10. Wasichana wanaokimbia hupokelewa katika nyumba salama, kama ile ya Mugumu iliyojulikana duniani kupitia filamu ya mwaka 2018, In the Name of Your Daughter. Kila msimu unapokaribia, kamera hurudi.

Desturi ya kumlinda shahidi ni kuuficha uso wake. Uso unafifishwa, au msichana anapigwa picha kwa nyuma, na wote tunaridhika kwamba tumetimiza wajibu. Lakini kijijini watu hutambuana kwa sauti. Shangazi akisikia maneno mawili tu ya mpwa wake redioni hahitaji kuona uso. Kificho cha uso kinamlinda dhidi ya mgeni asiyemjua, na kumwacha wazi mbele ya ndugu ambao ndio aliowakimbia.

Wengine huibadilisha sauti kwa programu, wakaifanya nene au nyembamba. Kinga hiyo ni dhaifu, kwa sababu badiliko la namna hiyo linaweza kurudishwa nyuma kwa programu nyingine, na mapigo ya usemaji, lafudhi na misemo ya nyumbani hubaki vilevile. Njia iliyo salama zaidi ni maneno yake yasomwe na mtu mwingine, na mtazamaji aambiwe hivyo waziwazi. Hapa kuna mkanganyiko ambao hatuna budi kuukabili kwa uaminifu. Nimetumia kurasa hizi kumlaumu msimulizi anayefunika sauti za watu, na sasa nasema kwamba wakati mwingine sauti ya mtu ifunikwe. Hakuna kupingana. Tofauti iko kwa mwenye uamuzi. Msichana aliyeelezwa hatari, kwa lugha yake, mbele ya mlezi wake halali, akachagua kutosikika, amebaki mwenye sauti yake. Mama aliyezimwa na mhariri kwa sababu hakuna aliyejisumbua kumsogezea maikrofoni amenyang'anywa ya kwake.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 zinatupa msingi wa kulisema hili katika ofisi za umma. Rekodi ya sauti inayomtambulisha mtu ni taarifa yake binafsi, sawa na picha na jina. Halmashauri inayohifadhi video za semina ndani ya simu za maofisa inapaswa kujiuliza nani anazo, kwa muda gani, na kwa idhini ipi.

Yatupasayo

Historia hii inatudai mambo machache, na hakuna hata moja lililo juu ya uwezo wetu.

Kwa wanafunzi: mkienda uwandani, aliye na kamera asiwe yuleyule wa sauti. Mwenye sauti avae vipokea sauti masikioni muda wote, na awe na mamlaka ya kusimamisha kazi pikipiki inapopita. Andikeni tafsiri chini ya picha badala ya kuisema juu ya mtu.

Kwa wanaharakati: wekeni mtafsiri wa Kikurya mahali pa kurekodi, siyo tu mezani pa uhariri. Rudisheni rekodi kwa waliosema, waisikilize kabla haijatoka. Mkiwaficha watu, waficheni na sauti.

Kwa watumishi wa umma: mnapoandika hadidu za rejea za filamu ya mradi, fungu la sauti lisimame peke yake kwenye bajeti. Mnapopokea kazi, izimeni picha na msikilize kwanza. Kama mwananchi hasikiki, kazi haijakamilika, hata ingekuwa na picha za droni za kuvutia kiasi gani.

Mwaka 1935 maikrofoni ya Vugiri ilikuwa ghali, nzito na mali ya wageni, na huo ulikuwa udhuru wa wakati wake. Leo maikrofoni ndogo ya kubandika kifuani inauzwa mjini Tarime pamoja na chaja na vifuniko vya simu. Udhuru wa vifaa umekwisha. Kilichobaki ni sisi kuamua kama tuko tayari kusogea karibu na watu kiasi cha kuwasikia.